Behewa linaloenea mkononi: Kwa nini mfano wa treni ya mizigo haukubali makisio

WATOTO wengi waliokulia katika vijiji na mitaa ya Uasin Gishu wanaifahamu kazi ya kuunda gari kwa waya, makopo na vizibo vya soda. Gari hilo husukumwa kwa kijiti kirefu, hupinda kona na hubebeshwa mchanga kana kwamba ni shehena ya mahindi inayopelekwa Eldoret.

Hakuna anayemuuliza mtoto huyo iwapo magurudumu ya gari lake yana ukubwa unaofaa, au kama mlango umewekwa mahali pake. Kitu cha kuchezea hutimiza wajibu wake kikifanana tu na kile kinachoigwa.

Hata hivyo, ipo kazi nyingine inayofanana na mchezo huo kwa sura tu. Hii ni kazi ya kuunda mifano midogo ya treni iliyo sahihi kwa vipimo, hasa ya mabehewa ya mizigo. Kwa anayeifanya, kila behewa dogo sharti liwe nakala ya behewa halisi lililowahi kutumika kwenye reli fulani, katika kipindi fulani, na kila upande wake uwe umepunguzwa kwa kiasi kile kile.

Kazi hii ina wapenzi wengi Ulaya, Marekani na Japani. Kwa mji kama Eldoret, uliokuzwa na reli na ambao mabehewa yake ya kale yanazidi kutoweka, kazi hiyo si burudani tupu. Inazua swali zito: behewa likikatwa vipande na kuuzwa kama vyuma vikuukuu, ni nini kitakachobaki kuwaonyesha wajukuu jinsi lilivyokuwa?

Reli iliyoujenga mji

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli hiyo ilifika Nairobi mwaka 1899 na ikakamilika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Umbali wa njia hiyo ulikuwa takriban kilomita 930.

Eldoret haikuwa kwenye njia hiyo ya kwanza. Wakulima wa uwanda wa Uasin Gishu walilazimika kusafirisha mazao na bidhaa zao kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kupitia stesheni ya Londiani, safari iliyokuwa mateso makubwa msimu wa mvua.

Hali ilibadilika mwaka 1924 njia mpya kutoka Nakuru ilipofika Eldoret, baada ya kupanda hadi kilele cha Timboroa kilicho karibu meta 2,784 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1926 tawi lilifika Kitale, na mwaka 1931 njia kuu ikafika Kampala.

Tangu hapo, mabehewa yaliyopita Eldoret yakawa kama daftari la uchumi wa eneo zima. Ngano, mahindi, mbao na magome ya miwati yalielekea pwani. Kahawa na pamba zilitoka Uganda. Kutoka Mombasa zilikuja mbolea, mashine, chumvi na mafuta.

Kila shehena ilihitaji behewa la aina yake. Nafaka iliyotiwa kwenye magunia ilihitaji behewa lenye paa na milango ya kusukuma kando. Mashine na magogo yalifaa behewa tambarare. Mafuta yalikwenda kwa matangi, na mifugo kwa mabehewa yenye nafasi za kupitisha hewa. Mwundaji wa mfano sahihi huanzia hapo: hujiuliza kwanza mzigo ulikuwa upi, kisha ndipo amtafute mbebaji wake.

Hesabu inayotawala kila kitu

Msingi wa kazi nzima ni uwiano, yaani skeli, kama ile inayofundishwa shuleni katika somo la ramani. Skeli inayotumika zaidi duniani kwa treni ndogo ni ya 1 kwa 87, inayojulikana kwa herufi HO. Maana yake ni kwamba kila milimita 87 za behewa halisi huwa milimita moja kwenye mfano.

Mfano mwepesi ni kontena la futi 40, ambalo vipimo vyake vinajulikana kote duniani. Urefu wake ni meta 12.19, upana meta 2.44 na kimo meta 2.59. Katika skeli ya 1 kwa 87, kontena hilo huwa na urefu wa sentimita 14, upana wa milimita 28 na kimo cha karibu milimita 30. Linaenea mkononi.

Mpakiaji mwenye kimo cha meta 1.70 atakayesimamishwa kando yake atakuwa na milimita 19 na nusu. Gunia la mahindi lenye urefu wa meta moja litakuwa na milimita 11 na nusu. Ubao wa upana wa sentimita 15 kwenye ubavu wa behewa la kale hautafika milimita mbili.

Wanaotaka mifano mikubwa hutumia skeli ya 1 kwa 22.5. Hapo kontena lilo hilo hufikia sentimita 54, na huhitaji ua au bustani badala ya meza ya sebuleni.

Ugumu wa reli ya meta moja

Eldoret inampa mwundaji mtihani wa kipekee, nao unatokana na upana kati ya pau mbili za reli.

Njia inayopita Eldoret ni ile ya zamani yenye upana wa milimita 1,000. Wajenzi wa Reli ya Uganda waliuchagua upana huo, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa ulikuwa ukitumika India, na baadhi ya injini za mwanzo zilitoka huko zikiwa zimekwisha kutumika. Reli ya kisasa, SGR, iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 na kufika Naivasha mwaka 2019, ina milimita 1,435.

Reli ndogo za skeli ya HO zinazouzwa kwa wingi madukani ng'ambo zina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha kwa 87, unapata karibu milimita 1,435. Kwa hivyo, anayetaka kuunda mfano wa SGR hupata reli iliyo tayari.

Anayetaka behewa la Eldoret akilipachika juu ya reli hiyo hiyo, atakuwa ameipanua njia kwa zaidi ya asilimia 43. Behewa litaonekana limetanua miguu, na yeyote anayeifahamu reli ya zamani ataligundua kosa hilo kabla ya kuona jambo lingine lolote.

Suluhisho moja ni kutumia reli ya upana wa milimita 12, iliyokusudiwa kuiga njia za meta moja kama zile za milimani Uswisi. Milimita 12 zikizidishwa kwa 87 huwa 1,044, tofauti ya asilimia nne hivi ambayo wengi huivumilia. Wenye nafasi hutumia reli ya milimita 45 kwa skeli ya 1 kwa 22.5. Hapo hesabu huwa milimita 1,012, tofauti ndogo zaidi. Mfumo huo ulienezwa na kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, iliyoanza kuuza treni zake za LGB mwaka 1968.

Mabehewa ya kwetu hutofautiana na ya Ulaya kwa jambo lingine tena. Behewa la mizigo la Uingereza la miaka ya zamani lina vizuizi viwili vya mviringo kila mwisho, kimoja kulia na kingine kushoto, vya kupokea mgongano. La Afrika Mashariki huunganishwa kwa kiungio kimoja cha katikati. Anayenunua behewa la Kiingereza na kulipaka rangi mpya ili liitwe la Kenya huwa amejidanganya mwenyewe.

Kila behewa lina tarehe yake

Vipimo pekee havitoshi. Behewa linaweza kuwa sahihi kwa kila milimita na bado likawa la uongo, iwapo limewekwa katika wakati usio wake.

Reli hii imebadilisha jina na mwenyewe mara kadhaa. Shirika la Reli na Bandari za Kenya na Uganda lilidumu hadi mwaka 1948, lilipounganishwa na reli za Tanganyika kuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, injini na mabehewa yaligawanywa baina ya Kenya, Uganda na Tanzania, na Shirika la Reli la Kenya likazaliwa. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2017, huduma za Kenya na Uganda zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Rift Valley Railways.

Kila badiliko liliacha alama kwenye ubavu wa mabehewa. Herufi KUR ni za kipindi cha kwanza, EAR za kipindi cha pili, na KR za kipindi kilichofuata mwaka 1977. Behewa moja lililotumika kwa miongo mingi linaweza kuwa na tabaka kadhaa za rangi, moja juu ya nyingine.

Kwa sababu hiyo, mwundaji makini huchagua mwaka mmoja na kuushikilia. Akichagua mwaka 1935, hana ruhusa ya kuweka kontena, kwani vipimo vya kimataifa vya makontena viliwekwa katika miaka ya sitini. Akichagua 1960, herufi KR hazina nafasi. Akichagua miaka ya themanini, matangi ya mafuta yanayopanda kutoka Nakuru yanakubalika. Lakini akisogea mbele ya mwaka 1994, lazima akumbuke kwamba bomba la mafuta lilikuwa limefika Eldoret na kupunguza kazi hiyo.

Kwa hivyo, anayeunda behewa moja hujikuta akisoma historia ya kilimo, ya biashara na ya siasa za eneo zima.

Kutoka chuma hadi mchoro

Kazi yenyewe huanza kwa kupima. Behewa halisi hupimwa urefu, upana, kimo, umbali kati ya ekseli, kipenyo cha magurudumu na nafasi ya kila mlango, ngazi na mshikio. Picha hupigwa kutoka mbele, ubavuni na mwishoni, huku fimbo yenye alama za sentimita ikiwa imesimamishwa kando ili picha iweze kusomwa baadaye kama rula.

Ni muhimu pia kuhesabu. Ubavu una mbao ngapi? Nguzo za chuma ni ngapi? Ribiti zimepangwa kwa mistari mingapi? Je, behewa lina ekseli mbili tu, au limekalia bogi mbili zenye ekseli mbili kila moja? Picha moja ya pembeni haiwezi kuyajibu yote.

Ikumbukwe kwamba reli na yadi zake ni mali ya umma inayolindwa. Kuingia humo bila kibali ni kosa, na kutembea juu ya mataruma treni zikipita ni kuhatarisha uhai. Anayetaka kupima behewa hana budi kuomba ruhusa. Asiyepata ruhusa anaweza kuanzia katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, ambako injini na mabehewa ya kale yamehifadhiwa.

Baada ya vipimo hufuata mchoro, na baada ya mchoro ndipo vifaa huguswa. Wengi hutumia mabamba membamba ya plastiki yanayokatwa kwa wembe na kugundishwa. Wengine hutumia shaba inayolehemiwa, resini inayomiminwa katika kalibu, au mbao nyepesi. Siku hizi zipo pia mashine zinazochapisha umbo zima la behewa kutokana na mchoro wa kompyuta.

Rangi huja mwisho, nayo ina mitego yake. Picha nyeusi na nyeupe haisemi rangi ilikuwa ipi. Aidha, behewa la kazi halibaki jipya. Vumbi jekundu hujikusanya sehemu za chini, kutu hutoka kwenye viungo, na weupe wa unga au mbolea huachwa milangoni. Mfano unaong'aa kama sahani mpya unaweza kuwa sahihi kwa siku moja tu katika maisha ya behewa, siku lilipotoka kiwandani.

Pale usahihi unapogonga mwamba

Pamoja na bidii yote hiyo, yapo mambo ambayo maumbile yenyewe hayakubali kupunguzwa.

La kwanza ni unene. Bamba la chuma la milimita tano likipunguzwa mara 87 huwa na milimita 0.06, wembamba wa karatasi. Plastiki ya wembamba huo haiwezi kusimama. Mwundaji hutumia bamba nene zaidi, kisha akapunguza kwa msasa kingo zile tu zinazoonekana.

La pili ni uzito. Urefu, upana na kimo vyote vikipunguzwa mara 87, ujazo hupungua mara 87 kwa 87 kwa 87, yaani zaidi ya mara 658,000. Behewa tupu la tani 15 lingekuwa na gramu 23 tu, na lingeanguka relini kwa msukumo mdogo. Chama cha waundaji wa mifano ya reli nchini Marekani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, hupendekeza uzito mkubwa zaidi. Kwa behewa la HO lenye urefu wa sentimita 14, pendekezo lake ni takriban gramu 106. Hivyo, behewa hufichwa vipande vya risasi tumboni ili litembee vyema.

La tatu ni magurudumu. Gurudumu la kawaida la HO lina upana wa milimita 2.79. Lingekuzwa mara 87, lingekuwa na sentimita 24, ilhali la behewa halisi halizidi sentimita 15. Wapo wanaotumia magurudumu membamba zaidi, lakini hao hulazimika kutandika reli yao kwa uangalifu mkubwa, kwani kasoro ndogo tu huangusha treni nzima.

La nne ni nafasi. Njia yote ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, hata katika skeli ya 1 kwa 87, ingehitaji zaidi ya kilomita 10. Hakuna chumba cha namna hiyo. Kona yenye nusukipenyo cha sentimita 60 ni kubwa kwa meza ya nyumbani, ila ni sawa na kona ya meta 52 kwenye reli halisi, kali mno kwa njia kuu yoyote.

Mteremko peke yake ndio usiopunguzwa, kwa kuwa huo tayari ni uwiano. Njia inayopanda meta moja kila meta 50 hubaki hivyo hivyo ikipanda sentimita moja kila sentimita 50. Anayejaribu kuiga mwinuko wa Timboroa mezani huona mwenyewe jinsi injini ndogo inavyoteleza magurudumu, na huenda akaelewa kwa nini wahandisi waliumizwa kichwa na mlima huo.

Kwa hivyo, usahihi katika kazi hii hauna maana ya ukamilifu. Maana yake ni kwamba kila kilichobadilishwa kimebadilishwa kwa kujua na kwa sababu inayoweza kuelezwa. Hapo ndipo mfano unapotengana na kitu cha kuchezea.

Mwaka mmoja uliokosekana

Suala hili lina uzito zaidi nchini Kenya kwa sababu ya pengo lililo katika sheria. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kifaa kinachoweza kuhamishwa kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya mwaka 1895.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa mwaka 1896. Kwa maneno mengine, hakuna behewa lolote la reli hiyo linalopata hifadhi ya moja kwa moja kwa sababu ya umri wake. Sheria hiyo humpa waziri uwezo wa kutangaza kifaa fulani kuwa kinacholindwa, lakini kwanza lazima ajitokeze mtu wa kusema kipo, kiko wapi na kina thamani gani.

Wakati huohuo, chuma kina bei. Mnamo Januari 2022, serikali ilipiga marufuku kwa muda biashara ya vyuma vikuukuu baada ya miundomsingi ya umma, ikiwamo ya umeme na reli, kuharibiwa na wezi. Na hata bila wizi, behewa lililokwisha kazi huuzwa kihalali, hukatwa na kuyeyushwa. Shirika lolote la reli haliwezi kuhifadhi kila kitu.

Hapo ndipo mifano midogo inapopata kazi ya pili. Ili kuunda behewa moja la sentimita 14, mtu hulazimika kuacha nyuma yake vipimo, picha, michoro na tarehe. Behewa halisi likiyeyushwa, kumbukumbu hizo hubaki, na mtu mwingine anaweza kuliunda upya kwa skeli yoyote aitakayo.

Kinyume chake, mfano uliokisiwa una madhara. Mtazamaji huamini anachokiona, na kosa lililowekwa ndani ya sanduku la kioo huweza kurudiwa vitabuni na darasani kwa miaka mingi.

Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024, haina upungufu wa mikono ya kufanya kazi hiyo. Ina vyuo vya ufundi na vyuo vikuu ambako vijana hujifunza uchoraji wa kihandisi, useremala na uchomeleaji. Fimbo ya kupimia, kamera ya simu, daftari na kibali cha kuingia yadini ndivyo vinavyohitajika mwanzoni. Plastiki na shaba zinaweza kungoja. Behewa lililopangiwa kukatwa halingoji.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mabehewa yaliyobeba ngano ya Uasin Gishu kwa karne nzima yalikuwa mali, na kwa mengi kati yake daftari bado halijaandikwa.